Salamu za Inchi Kumi na Nane

Padri alikuwa ndiyo kwanza amefumba macho kukibariki chakula, sabufa ya Ubaldo Cantillo ikajamba.

Tutafute neno la adabu? Halipo. Ilijamba kwa urefu, ikatua kidogo kama inayotafakari, kisha ikamalizia kwa mkia mwembamba. Na kwa kuwa Bi Etilvia, mama mkwe wake, aliyekuwa akitimiza miaka themanini siku hiyo, ndiye aliyeketi mbele ya sanduku la spika akiwa na taji la maua kichwani, macho ya wageni arobaini yalimwendea yeye.

Ubaldo alikuwa na kipaza sauti mkononi. Kimewashwa. Mtu mwenye akili angesema, "Samahanini, ni spika." Yeye, aliyezunguka dunia kwa meli za mizigo miaka kumi na tisa na kutukanwa kwa lugha kumi na moja, alisema kwa sauti iliyofika hadi kona ya mtaa:

"Msimjali. Ni umri."

Bi Etilvia, ambaye masikio yalishamuaga zamani, akatabasamu na kuwapungia watu mkono kama aliyesifiwa. Nubia, mke wa Ubaldo, hakutabasamu. Aliweka chini sufuria la supu ya mbaazi na nyama ya chumvi, akamtazama mumewe kwa jicho ambalo hata padri alilikwepa.

Ng'ambo ya barabara, jirani yake Eliecer Gulloso alicheka mpaka akaanguka na kiti chake. Kufikia Jumatatu, mtaa mzima ulikuwa umeibadilisha jina piko ya Ubaldo, yaani lile sanduku lake la spika. Ilikuwa ikiitwa Mamba Kichaa. Sasa ikawa Mamba Mwenye Gesi.

Hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Mtaani Las Nieves, katika mji wa Barranquilla, mwanamume anaweza kukosa gari, akakosa meno, akakosa hata shati la kuendea kanisani. Lakini akiwa na piko, ni mtu. Sanduku la spika refu kuliko mlango, lenye rangi za kuumiza macho, lina jina lake, limebatizwa kwa ramu na kupewa mama wa ubatizo. La Ubaldo lilisimama barazani, limechorwa mamba aliyevaa kofia ya ukindu na glavu za ndondi. Na piko haipigi muziki tu. Inasalimu. Katikati ya wimbo, mwenyewe hushika kipaza sauti akanguruma: "Salamu kwa Eliecer Gulloso, sultani wa domino!" Na aliyesalimiwa hunyanyua mkono, hunyanyua gilasi, hupaza sauti: "Nipo!" Lazima. Kusalimiwa na piko ukakaa kimya ni sawa na kupewa mkono wa rambirambi ukaugeuzia kisogo. Hata walevi waliolala chini ya meza huinua kidole.

Mtu mmoja tu Ubaldo hakuwahi kumsalimu kwa miaka ishirini na saba. Nubia.

"Mtu hamsalimu mkewe kwenye piko," alizoea kusema. "Ni kama kujipigia makofi."

Nubia alikuwa akicheka. Miaka ya kwanza.

Aristides Pallares, fundi wa spika na baba wa ubatizo wa binti yao, alikuja kuikagua ile maiti ya sabufa. Akaingiza kidole kwenye tundu, akakitikisa.

"Karatasi ya mbele tu, hii inayotikisika, imechanika. Nipe siku mbili nibandike mpya, utazikwa nayo."

"Inchi kumi na tano," alisema Ubaldo, kama mtu anayetaja ugonjwa wa aibu.

"Ndizo ulizoishi nazo siku zote."

"Nataka kumi na nane."

"Baraza lako ni hatua nane, swahiba! Unataka kumi na nane za nini, kumfufua Lazaro?"

"Nataka Kanivali ikianza, Eliecer azibe mdomo."

"Eliecer hazibiki hata kwa saruji."

Sauti ya Nubia ilitoka jikoni: "Mume wangu fundi wa friji, friji lake haligandishi hata maji, na bado anatafuta ngurumo! Aristides, bandika hiyo karatasi uende zako."

Ubaldo aliyumba wiki nzima. Asubuhi aliamua kutengeneza. Mchana aliamua kubadilisha. Usiku aliweka kiganja kwenye zile sabufa zake za zamani, alizozibeba kutoka bandarini mwenyewe ujanani, akaona haya kama anayetaka kumwacha mke wa kwanza. Pengine angezibakisha. Lakini Alhamisi, alipokuwa akipita na mkoba wake wa vifaa, Eliecer alitoa sauti kwa mdomo. Ile ile. Na mkia wake.

Siku hiyo hiyo mteja mmoja alimwambia kwamba huko San Roque, kijiji cha kando ya kinamasi, mwanamke anauza sabufa mbili za inchi kumi na nane. Za asili. Karatasi ya zamani, ile isiyotengenezwa tena.

Ubaldo aliazima gari la mizigo, akaenda.

Alifika jua likizama. Mwanamke aliitwa Benilda, mwenye umri wa miaka sitini na kitu, kitambaa cheupe kichwani. Hakumkaribisha kahawa, jambo ambalo pande zile ni tusi. Alimpeleka nyuma ya nyumba, kwenye banda lililokuwa la nguruwe. Nguruwe hawakuwapo. Zilikuwapo sabufa mbili tu, zimegeuziwa ukuta kama watoto waliopewa adhabu, na kati ya sabufa na ukuta pamesindiliwa godoro kuukuu.

Palinuka chuma. Chuma... na maua yaliyosahauliwa kwenye maji.

"Zilikuwa za kaka yangu Ovidio," alisema Benilda. "Marehemu."

Ubaldo alizigeuza moja moja, moyo ukimdunda kama wa bwana harusi. Hazikuwa na mchubuko. Doa tu, la kahawia, limetapakaa kwenye karatasi ya ile ya kushoto, kubwa kama uso wa mtu.

"Kahawa," alisema Ubaldo, akiligusa.

Benilda aliondoa macho kwenye lile doa.

"Naweza kuzijaribu?"

"Hapa haziwashwi."

"Zinapiga vizuri lakini?"

"Zinafika mifupani."

Hilo lilimtosha. Bei aliyotajiwa ilikuwa ndogo hata akaona aibu kuomba ipunguzwe. Akaomba ipunguzwe. Benilda alipunguza bila kubisha, na wakati Ubaldo anafunga kamba, mama yule alisogea karibu, akanong'ona:

"Nani hutoa salamu kwenye piko yako?"

"Mimi mwenyewe."

"Basi toa. Usiache hata wimbo mmoja upite bila wewe kusalimu."

Ubaldo alicheka, akadhani ni mtu anayejua burudani. Alipotazama kwenye kioo cha gari, Benilda alikuwa amekwishaanza kumwagia chumvi pale zilipokuwa zimesimama.

Ijumaa alasiri, siku moja kabla ya Kanivali, Aristides alizilaza sabufa mezani. Aliinusa ile yenye doa. Akaacha utani.

"Niitoe hii karatasi, nibandike nyingine."

"Wazimu? Karatasi ya asili! Watu wanauza mama zao kwa ajili ya hii."

"Imeshiba kitu, Ubaldo. Ona ilivyo nzito. Karatasi ya spika hunywa. Hunywa moshi, hunywa jasho, hunywa kila kinachopumuliwa mbele yake. Hii sijui imekunywa nini."

"Imekunywa kahawa. Funga."

Aristides alifunga. Ndio urafiki huo. Unaona shimo, unamwonya mwenzako, kisha unamshikia ngazi ateremke.

Saa kumi na mbili jioni, mtaa ulikuwa rangi ya chungwa. Upepo wa Februari ulipeperusha bendera za karatasi. Ng'ambo, Eliecer alicheza domino na mwalimu Fuentes, mstaafu mpole kuliko wote Las Nieves, mtu aliyekuwa akiwaomba radhi kuku akiwapita njiani. Bi Etilvia alikuwa ndani, kwenye kiti chake cha kubembea. Nubia alikuwa jikoni akikanda unga wa mahindi. Aristides alikuwa nyuma ya sanduku, bisibisi mkononi, kifua amekiegemeza kwenye mbao ili aisikie besi kwa mbavu, kama wafanyavyo mafundi wa kweli. Ubaldo alikuwa na nyundo. Msumari mmoja wa kibao cha chini ulikuwa umelegea.

Yalikuwa majaribio tu. Kipaza sauti hakukitoa hata mfukoni mwake.

Aliweka santuri ya Kongo aliyoinunua Matadi, ile ambayo lebo yake aliikwangua kwa kisu ili mahasimu wasijue ni wimbo gani. Akashusha sindano.

Jamani.

Besi haikutoka. Ilifika. Ilipita sakafuni, ikapanda miguuni, ikamkalia tumboni kama mtu mzima. Gilasi zilitembea mezani. Vumbi lilianguka kutoka dari kama sukari. Ng'ambo ya barabara Eliecer alibaki na kipande cha domino hewani, mdomo wazi, hana neno. Hana neno! Ubaldo alihisi macho yake yakilowa. Dakika moja nzima alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote ukanda ule wa pwani.

Kisha gitaa zikafifia.

Santuri ilizunguka vilevile, lakini gitaa zikawa kama zinapigwa nyumba ya tatu, na sauti ya mwimbaji ikazama. Ikabaki besi peke yake. Ikapunguza mwendo.

Vuu...

Vuu...

Kama kifua cha mtu aliyekimbia sana.

Haikusema maneno. Hata leo Ubaldo ataapa haikusema maneno. Ila tumbo lake liliyasikia. Tumbo la kila mtu barazani na ng'ambo liliyasikia.

*Salamu... kwa... Eliecer... Gulloso...*

Eliecer alifanya kile ambacho mwana Barranquilla yeyote angefanya. Uso ulimng'aa. Akanyanyua chupa ya bia juu, mkono umenyooka, watu wote wamwone.

"Nipo!"

Mwalimu Fuentes akainuka.

Aliinuka taratibu, kwa heshima, kama anayetaka kumpisha mgeni kiti. Akaichukua ile chupa kutoka mkononi mwa Eliecer. Eliecer akamwachia, akicheka. Mwalimu aliipasua kwenye ukingo wa meza, akautazama mdomo wa chupa ulioota meno, kisha akamchoma nao Eliecer shingoni.

Mara moja.

Mara tatu.

Aliendelea, bila hasira, uso ule ule wa kuwaomba radhi kuku. Damu iliruka juu ya domino. Eliecer bado alikuwa na mkono mmoja juu.

Ubaldo alipiga kelele ambayo hakuisikia mwenyewe. Alirukia amplifaya, akazungusha kitufe cha sauti mpaka mwisho wake. Sifuri. Besi haikupungua hata chembe. Alinyanyua sindano kutoka kwenye santuri.

Vuu...

Vuu...

*Salamu... kwa... Aristides...*

"Usi—" alianza Ubaldo.

Aristides, nyuma ya sanduku, hakuwa ameona chochote. Alicheka. Alijua kabisa ni mzaha wa rafiki yake. Bisibisi ikapanda juu ya sanduku, na mkono, na kile kichwa chenye upara kilichojaa jasho.

"Nipo, mpuuzi we!"

Ubaldo alikumbuka baadaye kwamba nyundo, iliyokuwa bado mkononi mwake, ilikuwa nyepesi. Ni hilo ndilo lililomtia hofu kuliko yote. Mkono wake wa kulia ulikwenda bila kumuuliza, mwepesi, kama mkono unaofukuza nzi. Nyundo ilimpata Aristides kwenye taya. Mlio ulikuwa wa bilauri iliyokanyagwa ndani ya soksi. Aristides alimtazama. Hakumtazama kwa chuki. Alimtazama kama mtu anayengoja aelezwe. Kisha akaporomoka, meno mawili yakimtangulia sakafuni.

Mkono wa kulia ukanyanyuka tena.

"Hapana," Ubaldo aliuambia. "Hapana, hapana, hapana..."

Alijitupa chini, akaukalia mkono wake mwenyewe. Ulitapatapa chini ya paja lake kama samaki.

Bi Etilvia akatokea mlangoni. Hakusikia kitu, lakini alikuwa peku, na sakafu ilikuwa imemwambia. Aliangalia damu. Aliangalia sanduku. Bibi yule wa miaka themanini alipita juu ya miguu ya Aristides, akainama ukutani, akang'oa waya wa umeme. Akasimama nao mkononi, plagi inaning'inia.

Taa ya amplifaya ilizimika.

Vuu...

Harufu ya maua yaliyooza ilijaa baraza.

Vuu...

Besi ilishuka chini zaidi. Ikawa laini. Ikawa na subira, kama mtu anayebembeleza.

*Salamu... kwa... Nubia...*

Nubia alikuwa amesimama mlango wa jikoni, mikono imejaa unga. Alikuwa ametoka mbio kwa ajili ya ile kelele ya mumewe. Lakini sasa hakuwa akimwona Aristides sakafuni. Hakuwa akimwona mama yake. Alikuwa akiliangalia lile sanduku, na uso wake... Ubaldo hakuwa ameuona uso ule tangu siku ya harusi. Miaka ishirini na saba ya kusikia jina la kila mlevi, kila muuza samaki, kila mbwa wa mtaa. Na sasa lake.

*Nubia... wa... Ubaldo...*

Mkono wake wa kuume, mweupe kwa unga, ukaanza kupanda.

Ubaldo aliinuka mbio. Walikuwa watu wawili katika mwili mmoja wakishindana kumfikia. Mmoja alikuwa na nyundo. Mwingine hakuwa na kitu ila mkono wa kushoto, na mkono wa kushoto wa Ubaldo hata kijiko haukuwahi kukishika sawasawa. Lakini ndio uliofika. Ulidaka kifundo cha mkono wa Nubia kikiwa kimefika begani. Nubia alisukuma juu. Alikuwa na nguvu ambazo si zake. Ubaldo aliuvuta chini kwa uzito wake wote, akaubamiza kwenye fremu ya mlango.

Ukavunjika.

Yeye ndiye aliyemvunja. Aliusikia.

"Usijibu," alimnong'oneza. "Nubia, mama, nakuomba. Usijibu."

Macho ya Nubia yalikuwa bado yako kwenye sanduku. Mdomo ukafunguka.

"Ni—"

Ubaldo aliuziba mdomo ule kwa bega lake. Nubia aliuma. Meno yalipenya shati, yakapenya ngozi, yakakutana na nyama. Hakuondoa bega. Nyundo, huko juu, ilishuka. Alijigeuza kwa nguvu zilizobaki, ikampita Nubia sikioni, ikatua kwenye goti lake yeye mwenyewe.

Akaanguka naye.

Besi ikangoja.

Unajua vile mtu anavyosalimu, asipojibiwa akangoja kidogo, akidhani labda hukusikia? Ilingoja hivyo. Barazani hapakuwa na sauti ila pumzi za Aristides zikichemka ndani ya damu, na ng'ambo, mwalimu Fuentes akiuliza kwa upole, "Zamu ya nani? Jamani, zamu ya nani?"

*Nubia...*

Ubaldo alitambaa. Goti lilikuwa halimo tena katika mambo yake. Alitambaa huku mkono wa kulia ukimrudisha nyuma na wa kushoto ukimvuta mbele, mpaka akaipokonya nyundo kwa mkono wa kushoto, akaipiga sabufa ya kushoto katikati ya doa.

Karatasi haikupasuka kama karatasi. Ilipasuka kama ngozi. Hewa ilimpiga usoni, ya moto, nyevu, yenye harufu ya mdomo wa mtu. Alipiga. Alipiga tena. Alichana kwa kucha. Alipofika kwenye ya pili alikuwa akilia kwa sauti, na alipoichana, mvumo ulitoka mara moja tu, mrefu, ukapita juu ya paa za Las Nieves, na mbwa wote wa mtaa wakalala chini.

Kisha kimya.

Polisi waliandika kwamba chanzo ni ramu na domino. Eliecer alizikwa Jumamosi ya Kanivali, na mtaa ambao haujawahi kuzika mtu bila ngoma ulimzika bila ngoma. Mwalimu Fuentes yuko rumande, na humwuliza kila anayemtembelea kama Eliecer alishinda ule mchezo. Kuhusu taya la Aristides, mwenyewe aliandika kwenye karatasi ya hospitali kwamba sanduku lilimwangukia. Alifungwa nyaya kinywani miezi miwili, yeye aliyekuwa hanyamazi hata akilala. Ubaldo alimpelekea uji kila asubuhi, akimnywesha kwa mrija, na siku moja Aristides alimwandikia: *Ningekuwa nimeitoa ile karatasi, ungenikasirikia?* Ubaldo alijibu kwamba ndiyo, asingemsamehe. Aristides akatikisa kichwa, akafungua mdomo kidogo kwa ajili ya mrija.

Nubia, plasta mkononi, alikanda unga kwa mkono mmoja siku tisa. Siku ya kumi, wakiwa kitandani, alisema gizani:

"Ilikuwa sauti yako."

"Sikusema kitu, Nubia. Naapa."

"Najua hukusema." Akageukia ukuta. "Miaka ishirini na saba najua."

Siku iliyofuata Ubaldo alizipakia sabufa zile, zimechanika, vipande vya karatasi ndani ya gunia, akaenda San Roque. Alifika mchana wa jua kali, akichechemea. Benilda alikuwa amekaa kwenye ngazi ya nyumba yake akichambua maharage. Alimtazama mguu, akatazama gunia.

"Uliacha wimbo ukapita," alisema.

"Ungeniambia!"

"Nilikuambia."

"Uliniambia nisalimu! Mtu amekufa, mama. Rafiki yangu nimemvunja taya. Mke wangu..." Akalitupa gunia chini. "Nani huyo humo ndani?"

Benilda aliendelea na maharage. Alizungumza polepole, macho kwenye ungo.

Miaka ile wenye bunduki walipoingia kinamasini, alisema, hawakuwa na kelele. Walipenda muziki. Walikuja kila Jumamosi kwenye dansi ya Ovidio, wakampa kikaratasi cha majina. Wewe wasalimu tu, walimwambia, watu wako wanapenda salamu. Ovidio akawasalimu. Na kila aliyesalimiwa aliinua mkono, akapaza sauti, akionyesha ni yeye. Wale wageni hawakumjua mtu kwa sura. Sasa wakawajua. Jumapili waliosalimiwa walikutwa kwenye matete, maiti.

"Alijua?" aliuliza Ubaldo.

"Jumamosi ya tatu alijua."

"Na akaendelea?"

"Akaendelea. Ungefanya nini, wewe? Wamesimama nyuma yako." Akatupa harage bovu. "Mpaka usiku mmoja alifika kwenye jina fulani, akanyamaza. Wimbo ukapita wote bila salamu. Wakamshika kichwa, wakaubana uso wake kwenye sabufa, wakamkata kwa panga huku muziki unapiga. Hakuzikwa na uso. Ulibaki pale."

Upepo ulipita juu ya kinamasi. Ubaldo alitazama gunia, kisha akatazama nyumba: sakafu iliyofagiwa, kiti kimoja, sahani moja. Utani wote aliowahi kuwa nao ulikuwa umemkauka. Alimwona mama yule mpweke aliyehifadhiwa uhai na kaka yake, akamwonea huruma, akashusha sauti.

"Jina alilokataa kulisoma... lilikuwa lako, dada?"

Benilda alinyanyua macho kwa mara ya kwanza.

"Langu lingekuwamo vipi? Mimi ndiye niliyekuwa nikikiandika kile kikaratasi."